Boksa, XR au DT ya mnada: pikipiki ipi ya kuanzia njia mbaya

"Shikamoo dada. Nimepangiwa kata yenye vijiji vitano, na barabara inaishia kijiji cha pili. Nichukue Boksa kama wenzangu, au nijibane nipate ile ndefu?"

Simu hiyo nimepigiwa mwezi uliopita na binti aliyeajiriwa juzi kuwa bibi shamba, na swali lake nimeshaulizwa na wauguzi wa zahanati, walimu, hata mafundi wa minara ya simu. Wote wamekwama palepale. Pesa iliyopo ni ya pikipiki moja tu, uendeshaji ama hawaujui kabisa ama wanaujua wa lami, na njia inayowangoja haina lami.

Mimi kazi ya ugani niliianzia Bahi, Dodoma, ambako adui ni mchanga wa makorongo. Kisha nikahamishiwa Lushoto, ambako adui ni mteremko na udongo mwekundu unaoteleza kama umepakwa sabuni. Pikipiki zote tatu ninazozilinganisha hapa nimezifanyia kazi kwa miezi mingi, nikiwa na dawa za mifugo au miche nyuma.

Ya kwanza ni Boksa, yaani Bajaj Boxer BM150, pamoja na ndugu zake kama TVS HLX. Ni pikipiki za barabarani ambazo bodaboda wamezifikisha hadi mahali zisipotarajiwa. Ya pili ni Honda XR150L, ndefu, mpya, ya mipigo minne. Ya tatu ni Yamaha za mipigo miwili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli: DT125 na dada yake AG100. Hizi wengi wetu tunazipata kwenye minada, mradi ukishafunga ofisi.

Tunapima nini

Watu wengi huanza na cc na kasi. Ukienda kijijini kasi utakayoitumia ni kilomita 30 kwa saa, kwa hiyo hilo tuliache. Ninapima mambo haya: kama miguu yako inafika chini, pikipiki inafanya nini kwenye kilomita mbaya kuliko zote katika njia yako, inabeba nini, ikiharibika nani ataitengeneza, inakula pesa kiasi gani, na inamvumilia vipi mtu anayejifunza. Kwangu la kwanza na la mwisho ndiyo mazito zaidi, kwa sababu mwanafunzi aliyeanguka mara tatu wiki ya kwanza huipaki pikipiki na kurudi kutembea kwa mguu, na kijiji cha tano hakimwoni tena.

Kiti na miguu yako

XR150L ina kiti chenye urefu wa milimita 825 kutoka chini. Mimi ni mfupi, na mara ya kwanza nilipoikalia dukani nilifika chini kwa ncha za vidole tu. Nusura nighairi. Muuzaji akaniambia niishushe kwenye stendi, nikae kwa uzito wangu wote na nichezeshe kidogo. Shokapu zikabonyea, kiti kikashuka, na mguu wa kushoto ukagusa chini karibu wote. Kwa hiyo usiamini namba ya kwenye karatasi. Kalia, bonyeza, ndipo upime. Pia huhitaji kufikisha miguu yote miwili. Unapokaribia kusimama, sogeza kiuno upande mmoja wa kiti, mguu mmoja ushuke ukanyage kikamilifu, mwingine ubaki kwenye breki ya nyuma. Ukilizoea hilo, nusu ya hofu ya pikipiki ndefu inaondoka. Ikishindikana, fundi wa viti atakukatia sponji kidogo, ila mwambie asikate sana, maana utaanza kukaa juu ya chuma.

DT nayo ni ndefu, lakini ni nyepesi na nyembamba katikati ya mapaja, kwa hiyo mtu mfupi huiona fupi kuliko ilivyo. AG100 iko chini zaidi na imetulia. Yamaha waliikusudia wafugaji wa Australia na New Zealand, watu wanaoshuka na kupanda mara hamsini kwa siku, na ukiikalia unaliona kusudio hilo: stendi iko pande zote mbili, ili ushukie upande wowote wa mlima ardhi ilikolalia.

Boksa hapa haina mpinzani. Karibu kila mtu mzima anafikisha miguu yote miwili, na kiti chake kirefu kinakupa nafasi ya kujisogeza. Kama hujawahi kuendesha kitu chochote, utulivu huo una thamani kubwa.

Kilomita mbaya kuliko zote

Chukua njia yako ya kazi, iwazie masika, kisha tafuta pale ambapo watu hushuka na kusukuma. Pikipiki unainunulia pale.

Lushoto pangu palikuwa kipande cha udongo mwekundu kwenye njia ya kuelekea Mtae. Mvua ikinyesha, udongo ule haukutelezeshi tu, unagandamana. Boksa ina madigadi yaliyokaa karibu na tairi. Matope yanaingia, yanajibana, yanakauka kwa joto la msuguano, na mwishowe tairi la mbele linakataa kuzunguka kabisa. Nimewahi kukaa pale dakika arobaini na kijiti cha mti nikichokonoa matope, nikiendesha mita hamsini, nikichokonoa tena. Bodaboda wa huko wameshajifunza: wanapandisha digadi la mbele juu au wanaling'oa kabisa, na wanafunga tairi za kashata, zile zenye meno makubwa. Boksa iliyofanyiwa hivyo inafika. Ila tumbo lake bado liko chini, na kwenye njia ya mawe utalisikia likigonga. Usinunue bila chuma cha kukinga injini.

XR ina digadi la mbele lililo juu kabisa ya tairi, na kutoka tumboni hadi ardhini kuna milimita 243. Rimu ya mbele ni inchi 19, ya nyuma 17. Rimu kubwa mbele maana yake ni kwamba jiwe ambalo Boksa yenye inchi 17 inaligonga kama ngazi, hii inalipanda. Shokapu zake zina safari ndefu, kwa hiyo ukiingia shimo mikono haipigwi teke. Udhaifu wake ni uzito. Ikiwa na petroli inakaribia kilo 130, na uzito huo uko juu. Ikianza kulala kwenye matope, huwezi kuizuia kwa mguu.

DT imekwenda mbele zaidi: rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, uzito mdogo, na injini inayopandisha resi haraka. Kwenye mchanga wa Bahi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa napunguza upepo wa tairi kidogo kabla ya korongo, naingia na gia ya pili, kiuno nyuma, moto (mshikio wa kulia wa kuongeza mafuta) wa kudumu bila kuukata, na usukani nauacha ucheze wenyewe kushoto na kulia. Inaelea. Ng'ambo naitoa pampu ya baiskeli, najaza upepo, naendelea. Boksa kwenye korongo hilohilo ilikuwa inazama tairi la mbele kama jembe.

Kuteremka ni hesabu nyingine. Injini ya mipigo minne ukifunga moto inakushikilia, unaweza kushuka kilima na gia ya kwanza bila kugusa breki sana. Ya mipigo miwili haikushikilii hivyo, inatiririka, na breki zinabeba kazi yote. Tena pampu ya oili ya Yamaha hizi inatoa kadiri unavyofungua moto. Ukishuka kutoka Lushoto hadi Mombo umeufunga njia nzima, injini inazunguka kwa kasi huku ikipata oili kidogo. Wazee wa DT hufungua moto kidogo kila baada ya kona chache ili pistoni inywe. Mgeni asiyejua hilo ananokisha injini, yaani pistoni inagandia ndani ya silinda.

Mzigo

Boksa ilizaliwa kubeba. Abiria, gunia, kreti, vyote vinakaa, na kiti hakilalamiki. XR ina keria ndogo, na mzigo mzito nyuma unaufanya usukani uwe mwepesi kwenye vilima, kwa hiyo chanjo kwenye boksi la baridi sawa, gunia la mbolea hapana. DT ni ya mtu na begi lake. AG100 imekuja na keria mbele na nyuma tangu kiwandani, na mnyororo wake umefunikwa wote, kwa hiyo mchanga na matope hayaufikii. Kwa anayebeba vifaa vizito kidogo kila siku na hana haraka, sijaona iliyowazwa vizuri kama hiyo. Injini yake lakini ni cc 97 tu. Kwenye mlima mrefu na mzigo, utakwenda gia ya kwanza na subira.

Fundi na vipuri

Hapa nizungumze kwa kina, maana hapa ndipo pikipiki nzuri zinapofia uani.

Boksa ikikatika waya wa klachi kijiji chochote Tanzania, pana kijana mwenye waya huo mfukoni. Plagi, mnyororo, sproketi, tyubu, bushi, vyote vinauzwa dukani karibu na sukari. Fundi hahitaji kitabu, ameshafungua mia moja. Siwezi kueleza vya kutosha jinsi jambo hili linavyotuliza moyo saa kumi na moja jioni ukiwa kilomita ishirini kutoka nyumbani.

XR haiharibiki ovyo, na hilo nalisema baada ya kuitumia masika mawili. Lakini ikitaka kitu, kitu hicho kiko Arusha au Dar es Salaam. Tyubu ya nyuma ya inchi 17 utaipata popote kwa sababu ni saizi ya bodaboda. Ya mbele, inchi 19, hutaipata. Mimi natembea na moja imekunjwa ndani ya soksi chini ya kiti, pamoja na waya wa klachi, waya wa moto na plagi. Mwambie pia fundi wako asiishike kama Boksa. Mmoja, jina nimwachie, aliwahi kunikazia boliti ya kumwagia oili kwa nguvu za spana ndefu mpaka uzi wa alumini ukang'oka. Nilipomuuliza akanijibu, "Bibi shamba, hizi zenu ni laini mno." Tangu siku hiyo oili nabadilisha mwenyewe.

DT na AG zina injini rahisi ajabu. Hakuna valvu kama za mipigo minne, hakuna mnyororo wa ndani. Pistoni, ringi, silinda, umemaliza. Fundi mzee anaifungua na kuifunga kabla ya adhuhuri. Tatizo ni kwamba mafundi wazee wanapungua, na vijana wengi wamekua na mipigo minne tu. Nimeona kijana akimwaga oili ya Boksa kwenye tanki la oili la DT kwa nia njema kabisa. Pikipiki hizi zinataka oili yake maalumu ya mipigo miwili. Wengine pampu ikiwasumbua huing'oa na kuanza kuchanganya oili kwenye petroli kwa macho, na hapo ndipo moshi unapozidi na plagi inaziba kila wiki. Ukinunua ya mnada, swali la kwanza kwa muuzaji ni kama pampu ya oili bado ipo na inafanya kazi.

Na kwa kuwa tumegusa mnada: kagua kadi ya pikipiki na namba ya chasisi, moja baada ya nyingine, kwa kidole. Nyingi zilikuwa na namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, na lazima zihamishiwe TRA zipate namba za kawaida za MC kwa jina lako. Piga kiki ikiwa imezimwa. Kiki ikishuka laini kama ya baiskeli, mgandamizo umekwisha na silinda itakula pesa.

Pesa

Boksa ndiyo rahisi kununua na rahisi zaidi kuuza. Ukikwama, leo jioni una mteja. XR mpya inazidi bei ya Boksa kwa mbali sana, na mnunuzi wa mkono wa pili ni wa kutafuta, ingawa akipatikana analipa vizuri. Ya mnada inaweza kuwa ya bei ya chini kuliko zote, lakini tenga pesa nyingine pembeni kwa matengenezo ya kwanza, na uhesabu kwamba mipigo miwili inakunywa petroli zaidi na oili juu yake.

Jinsi kila moja inavyomvumilia mwanafunzi

Nilijifunza kwa Boksa. Boksa nyingi gia zake zote zinakanyagwa mbele: kanyaga, ya kwanza, kanyaga, ya pili, na kurudi unatumia kisigino. Mguu wangu uliliimba wimbo huo kwa miaka miwili. Siku nilipokabidhiwa XR, mtu alinieleza vizuri kabisa kwamba hii ni tofauti, ya kwanza iko chini, zilizobaki unainua kwa juu ya kiatu. Nikaitikia, nikaondoka. Kilomita ya nane, juu ya changarawe, nilikuwa gia ya pili nataka ya tatu. Mguu ukakanyaga. Pikipiki ikaingia ya kwanza, injini ikapiga ukelele, tairi la nyuma likajifunga na kuvuta mstari mrefu kwenye changarawe, na mimi nikalala chini upande wa kulia na goti limechanika. Kichwa kiliyajua maelezo yote, mguu ulikuwa haujayasikia.

Kwa hiyo kama unajua tayari ipi utainunua, jifunzie gia za aina hiyohiyo tangu mwanzo. XR na DT zinafuata mpangilio mmoja wa kwanza chini na nyingine juu. Ukihama kutoka Boksa, kaa juu ya pikipiki mpya ikiwa imezimwa, jioni tatu mfululizo, ubadilishe gia kwa sauti: chini moja, juu mbili, juu tatu. Tikisa pikipiki mbele na nyuma kidogo ili gia ziingie.

Boksa inamvumilia mwanafunzi kwa sababu iko chini, klachi yake ni laini na nguvu inakuja taratibu. Ukikosea, inazima tu. Haikufundishi lakini kusimama. Kwenye njia mbaya unatakiwa usimame juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, mapaja yanabana tanki, ili pikipiki iruke chini yako na wewe ubaki umetulia. Usukani wa Boksa uko chini na karibu, ukisimama unainama kama mtu anayefua. Kwa hiyo waliojifunzia Boksa hukaa kila mahali, na mgongo ndio unaolipa.

XR inafundisha vizuri kuliko zote, ukishapita hofu ya urefu. Usukani mpana unakuonyesha mapema tairi la mbele linapoanza kuteleza. Nguvu zake ni za upole, zimesambaa sawasawa. Breki ya mbele ni ya diski na inashika kwa kidole kimoja au viwili, na hapo uwe makini: kwenye ardhi kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, kwenye matope ndiyo inayoangusha. Boksa za breki za drumu mbele zinakusamehe kosa hilo. Hii haikusamehe.

DT ni mwalimu mkali. Chini ya resi fulani haina nguvu, ukivuka hapo nguvu zinakuja zote kwa pamoja, na mwanafunzi aliyefungua moto kwa woga hujikuta tairi la mbele liko hewani. Lakini ni nyepesi, na ukianguka unainyanyua mwenyewe. Waliojifunzia DT wakaimudu huwa na mkono wa klachi ambao sisi wengine tunautamani.

Nani akufundishe, na aanzie wapi

Njia tatu zipo. Rafiki wa bodaboda ni wa karibu na hana gharama kubwa, naye anajua kila jiwe la njia yako. Atakufundisha kufika. Wengi wao hawatakufundisha breki ya mbele, kwa sababu wameizoea ya nyuma, na hawatakutaka uvae helmeti kwa mwendo wa hapa na pale. Chuo cha udereva, VETA kikiwemo, kitakupa alama za barabarani, sheria, na cheti unachokihitaji ili upate leseni. Hilo usiliruke. Angalia pia daraja la leseni: zilizozidi cc 125 haziko kundi moja na zisizozidi, kwa hiyo Boksa ya 150 na XR ziko upande mmoja, DT na AG upande mwingine. Chuoni lakini utazungukia uwanja tambarare. Ya tatu ni mwenzako wa kazi aliyezoea njia hizo, na huyo mimi nilimpata Bahi, daktari wa mifugo mtu mzima ambaye sote tulimwita mzee.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kuwasha. Uwanja wa mpira wa shule, saa kumi jioni, alinifanya niisukume pikipiki nzima kuzunguka magoli nikiwa upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, mpaka nikajua uzito wake unaelekea wapi. Halafu akaniambia, "Mwanangu, ilaze." Nikaifunga koki ya petroli, nikailaza. "Inyanyue." Nikavuta kwa mikono, ikakataa. Akanionyesha: ingiza gia isiserereke, ikiwa imelalia kulia fungua stendi kwanza isije ikakuangukia ng'ambo. Kata usukani mpaka mwisho. Igeuzie mgongo, kalia ukingo wa kiti kwa makalio, chuchumaa, mkono mmoja kwenye mshikio, mwingine kwenye keria, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Mapaja ndiyo yanayonyanyua. Ilipanda. Nikairudia mara kumi na jioni ile nililala kama gogo, lakini tangu hapo sijawahi kuogopa kuangusha pikipiki mahali nisipo na mtu. Kwa XR, yenye uzito, zoezi hilo ni la lazima kabla ya safari ya kwanza. Kwa Boksa ni rahisi kidogo, kwa DT ni rahisi sana.

Baada ya hapo aliniwekea mawe mawili hatua kumi na mbili kati yake, nizunguke namba nane kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikishika klachi nusu na breki ya nyuma kidogo, macho kwenye jiwe linalofuata. Siku nne za hivyo. Siku ya tano tukaenda korongoni.

Kama pikipiki ni mpya kutoka dukani, kipindi hicho cha uwanjani kinaifaa na yenyewe. Kilomita za mwanzo, mpaka 1000, haitaki kuvutwa resi kubwa wala kushikiliwa mwendo mmoja muda mrefu. Oili ya kwanza imwagwe mapema kama kitabu chake kinavyoelekeza. Na spoki za rimu mpya hulegea: gonga kila moja kwa spana ndogo, iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa. Niligundua nne za nyuma wiki ya pili tu.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kuendesha kabisa, njia yako ni ya vumbi lakini gari linapita mwaka mzima, na pesa imebana, Boksa yenye kashata mbele na nyuma, digadi lililopandishwa na kinga ya injini itakutosha kwa miaka. Hali kadhalika kama pikipiki itambeba mke, mume au mtoto Jumapili.

Kama una vijiji ambavyo gari haliendi masika, unarudi nyumbani peke yako jioni, na unaweza kukaa na pikipiki moja kwa muda mrefu, XR inastahili kujibana. Usiinunue kabla hujaikalia, na anza kukusanya vipuri vidogo siku hiyohiyo unayolipa.

Uko kwenye mchanga, Bahi, Kilwa, bonde la Rufiji, au unapenda kufungua injini kwa mikono yako? Na una fundi mzee unayemjua kwa jina? DT iliyotunzwa itakufikisha mahali ambapo zote mbili zinazama. Bila fundi huyo, iache.

Mwenye vifaa vingi, safari fupi fupi na kushuka kila nyumba, AG100 ikitokea mnadani aikimbilie, au atafute AG200, ambayo ni ya mipigo minne, ina cc 196 na haina habari ya kuchanganya oili.

Kuhusu yule binti: nilimuuliza kwanza kijiji cha tatu anafikaje sasa. Akasema anavuka mto kwa mguu, maji ya magoti, mawe makubwa chini, na kwamba fundi wa karibu ni wa bodaboda. Tukakubaliana aazime XR ya mwenzake wa kata jirani Jumamosi mbili, aikalie, ailaze, ainyanyue, aupite mto ule akiwa ameutembea kwanza kwa miguu. Jumamosi ya kwanza alinitumia picha: suruali imelowa mpaka mapajani, gambuti zimejaa maji, na pikipiki imesimama ng'ambo. Ya pili ni kesho.